Saa Kumi ya Mashine

Bi Kwandu alinipigia Jumanne, hakusalimu:
"Njoo uangalie hiki kidude chako.
Pampu inalia kama mbuzi, tangi kavu,
na kwenye simu kila kitu ni kijani."

Nikapanda Bugarika kwa miguu,
ngazi za mawe, kisha mawe yasiyo ngazi,
pimbi wawili juu ya jabali wakinitazama
kama wakaguzi.

Nikafungua grafu mezani, kando ya chai.
Pampu: imewaka 04:00, kama nilivyoiagiza.
Jana 04:00. Juzi 04:00.
Nguzo za buluu zimesimama mstarini.
Grafu haina kosa,
na tangi halina maji.

"Sasa soma na yangu."
Akanisukumia daftari la kaunta,
mwandiko wa mkunga mstaafu, aliyezoea
kuandika saa ya mtoto kabla ya jina lake:

Kumi alfajiri, bomba linakoroma. Maji yameingia.
Kumi na mbili, limenyamaza.
Moja asubuhi, pampu imewaka. Inakunywa upepo.

Nikahesabu kwa vidole, nikarudia.
Sisi tunahesabu tangu jua litoke,
ofisi zinahesabu tangu usiku wa manane,
na kile kidude nyuma ya friji,
kimefungwa kwa selotepu,
kilihesabu kwa usiku wa watu wengine,
saa tatu nyuma yetu, kwa imani kamili.
Kumi yake ilipowadia
huku watoto wameshavaa sare,
bomba limeshakauka.
Hakikudanganya hata siku moja.
Kilikuwa sahihi, ila si hapa.

Kukirekebisha ni mstari mmoja.
Kilichonikalisha ni kumbukumbu za nyuma,
safu elfu tisini na ushee:
nizisogeze zote saa tatu, moja moja?
Chai ikapoa. Nikaziacha.
Hifadhidata itunze saa yake ya sifuri,
kioo kionyeshe ya kwetu.

Kisha nikabonyeza "onyesha zote"
na grafu ikafa.
Miezi minane imebanwa kulia, nyembamba kama unywele,
halafu uwanda mtupu, mtupu, mtupu,
na mwisho kabisa wa kushoto
nukta moja:
mosi Januari, mwaka sabini,
saa tisa usiku.
Tangi: nusu.

Nikamweleza. Umeme ulikatika,
mtandao nao ukalala,
kidude hakina betri ya kukumbuka saa,
kikazinduka gizani
kikadhani dunia ndiyo inaanza,
kikapima maji, kikaandika.
"Betri yake ni kama kifungo cha shati,
kesho nitapita Makoroboi.
Hii nukta ni hitilafu tu. Naifuta."

"Ngoja."

Akavaa miwani. Akaisogelea ile nukta
mpaka pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo.

"Mwaka sabini nyumba hii haikuwapo.
Palikuwa na mawe, na hao pimbi.
Nilikuwa na miaka tisa.
Maji ni ziwani, chombo ni debe la mafuta ya taa,
kilima ni hikihiki.
Tangi lilikuwa kichwa changu, bwana.
Na nusu?
Nani angekuja na nusu? Ungerudishwa ulikotoka."

Akacheka, akajisugua utosi
kama mtu anayetafuta kovu.

Nikaifuta. Grafu ikavuta pumzi,
miezi minane ikatanuka kioo kizima,
na pale penye moja sasa pakasomeka nne,
yaani kumi,
yaani ile aliyoiandika yeye tangu mwanzo.

Nilipoinua macho kumwonyesha
alikuwa ameinamia daftari lake.
Nikachungulia begani:
1/1/1970. Tisa usiku. Tangi nusu.

Akasita.
Akakata "nusu" kwa mstari mmoja ulionyooka,
wa wodini, unaoacha kosa lisomeke,
akaandika juu yake:
limejaa.